Kitanzi cha barua: "imezunguka" si "ingezunguka"

Kitanzi cha barua pepe ni hali ya barua moja kupita seva ile ile tena na tena bila kufika sandukuni, kila seva ikidhani mzigo ni wa mwenzake. Maana yake ni hiyo tu. Barua iliyolala foleni imekwama. Iliyokataliwa na kurejeshwa kwa mtumaji imerudi. Lakini katika ofisi za Mombasa zenye laini mbili za intaneti na seva moja yenye anwani tatu, yote hayo siku hizi huitwa "seva imeingia kitanzi".

Tuanze na neno. Kuzunguka peke yake si kitanzi. Muuza kahawa na dele lake huzunguka Mji wa Kale jioni nzima, na kila anaposimama vikombe vinanyweka. Seva nayo inayojaribu tena na tena kupeleka barua ambayo upande wa pili haujaipokea inafanya kazi yake, na Postfix, programu ya seva ya barua, huendelea hivyo kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa. Tanzi ni kamba iliyopitishwa ndani ya kamba yenyewe: kila ukivuta, inakaza. Barua iliyo kitanzini huthibitika kwa alama, kwa sababu kila seva inayoipokea huongeza mstari mmoja wa `Received:` juu yake. Postfix ikihesabu zaidi ya 50 huikataa kwa `too many hops`. Barua ikiwa bado foleni, hesabu mwenyewe, ukiweka kitambulisho chake cha foleni mahali pa KITAMBULISHO:

`postcat -hq KITAMBULISHO | grep -c '^Received:'`

Ukipata 3 au 4, hapo hapana kitanzi.

Mkorogano wenyewe unatokana na mstari huu wa logi, kumbukumbu ya matukio ya seva:

`mail for kikoi.example loops back to myself`

Watu huutafsiri "barua imezunguka ikanirudia". Sivyo. Kiswahili kina -nge-, na hapa ndipo pake: "ningeituma, ingenirudia". Seva imetazama rekodi ya MX ya kikoa (inayotaja seva ya kupokea barua za jina hilo la mtandao), ikaona jina linaelekeza kwenye anwani yake yenyewe, kisha ikatazama orodha ya vikoa inavyovipokea na kikoa hicho hakimo. Basi ikagoma kutuma. Barua haikutoka nje hata hatua moja. (Ajabu ni kwamba mgomo huu ndio unaopewa namba 5.4.6, ambayo maana yake rasmi ni kitanzi cha njia kimegunduliwa, ilhali barua iliyozunguka kweli hadi kufikisha `Received:` 51 hupewa 5.4.0, namba ya jumla tu. Waliochanganyikiwa wana udhuru.)

Sasa kwa nini mashine zenye anwani nyingi ndizo zinazosumbua? Kwa sababu kugoma kwenyewe kunahitaji seva ijitambue. Nyumba ina mlango wa barazani na mlango wa uani. Asiyejua kwamba wa uani ni wake atakwenda kuubisha. Postfix huchukua kuwa zake anwani zilizo kwenye `inet_interfaces` (inazosikiliza) na `proxy_interfaces` (za nje zinazoifikia kupitia kifaa kingine), basi. Kwa hivyo linganisha:

`ip -br addr`
`dig +short MX kikoi.example`
`postconf inet_interfaces proxy_interfaces mydestination`

Lile jina la MX ulitafutie A (anwani ya IPv4) na AAAA (ya IPv6) pia. Anwani ya IPv6 iliyosahauliwa ni mlango kama milango mingine.

Ikiwa anwani ya MX imo kati ya zake na kikoa hakimo kwenye `mydestination`, orodha ya vikoa inavyovipokea, huo ndio mgomo. Kiongeze kikoa hapo, au kwenye `virtual_mailbox_domains`, kimoja kati ya viwili, kamwe si vyote. Kama masanduku yako kwenye mashine nyingine ya ndani, kikoa kiingie `relay_domains`, na kwenye faili la transport, la njia za barua, uandike `kikoi.example smtp:[192.168.1.20]`, kisha uligeuze faili kwa `postmap`. Ukitumia jina badala ya namba, mabano ya mraba ndiyo yanayozuia MX isitafutwe upya. Yakikosekana, jibu la MX laweza kuwa wewe mwenyewe, na logi ikakuandikia mstari ule ule.

Ikiwa `inet_interfaces` imetajwa anwani ya LAN (mtandao wa ndani) peke yake, hakuna anayesikiliza bandari 25 kwenye kadi ya laini ya pili. Utaona `Connection refused` na foleni inanenepa. Hiyo ni kukwama. Ukiibadilisha, simamisha Postfix na uiwashe upya, `reload` haitoshi.

Kitanzi cha kweli kinanyemelea palipo na NAT, yaani rauta inayobadili anwani ya ndani kuwa ya nje. Mashine ina 192.168.1.5, dunia inaijua kama 203.0.113.10, nayo haijui habari hiyo. Ikiwa ni MX ya akiba ya kikoa kingine, siku seva kuu ikizimika mashine hii itajaribu MX inayofuata, yaani yenyewe kupitia rauta. Dawa ni `proxy_interfaces = 203.0.113.10`, ambayo kwa kawaida huwa tupu. Postfix ina kinga ya pili: ikisalimiwa kwa `myhostname` yake, yaani jina lake yenyewe, inajishtukia. Ila ukiwa umeendesha Postfix mbili kwenye mashine moja, kila moja na anwani yake na jina lake, kinga hiyo haioni kitu, na hapo mistari ya `Received:` hupanda kweli.

Kwa hivyo, fundi, ukikuta 5.4.6 na `Received:` nne, andika kwenye tiketi "seva haikitambui kikoa kikoi.example", na utaje anwani ambayo MX inaelekeza. Neno kitanzi liwekee barua yenye 51.