Photoshop haifunguki? Tazama inakwamia wapi kabla hujaiondoa

Programu ya kuhariri picha ikigoma kufunguka, wengi huifuta na kuiweka upya. Bando linakwisha, jioni inaisha, na programu inagoma vilevile. Sababu ni kwamba vitu vinavyoizuia kufunguka, mara nyingi, havimo ndani ya programu yenyewe. Fonti ni za Windows, draiva ya kadi ya grafiki (programu inayoiendesha kadi hiyo) ni ya Windows, na mipangilio yako imekaa kwenye folda ya AppData. Unapoiondoa Photoshop, Creative Cloud, yaani programu ya Adobe inayosimamia Photoshop, hukuuliza kama ubakize mipangilio au uifute. Ukibakiza, umeirudisha programu mpya kwenye ubovu uleule.

Mimi naanza na swali moja: inafia wapi? Kuna tofauti kubwa kati ya programu ambayo haionyeshi chochote ukiibofya, ile inayokwama na picha yake ya kufungulia ikiwa katikati ya skrini, na ile inayofungua dirisha kisha ikajifunga baada ya sekunde chache. Nitatumia Photoshop kwenye Windows 10 na 11, maana ndiyo iliyojaa studio zetu. Lightroom na GIMP, programu nyingine za picha, nitazigusa huko mbele.

Haionyeshi chochote

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda kwenye Details, utafute Photoshop.exe. Ikiwa imo na dirisha halipo, hiyo ni ile ya mara ya mwisho ambayo haikufa vizuri. Ichague, bofya End task, ujaribu tena.

Ukiona ujumbe unaotaja VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll, kinachokosekana ni Visual C++ Redistributable ya Microsoft. Pakua toleo jipya la v14 (lililojulikana kama 2015–2022) kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, uweke zote mbili, x86 na x64. Usipakue DLL mojamoja kutoka tovuti za mitaani. Hapo ndipo watu wanapata kosa la 0xc000007b, ambayo kwa kawaida maana yake faili ya biti 32 imewekwa mahali pa faili ya biti 64.

Na kama Photoshop yako ni ya kukrakiwa, fungua Windows Security, kisha Protection history. Huenda antivirusi imeondoa faili iliyochezewa, na programu sasa haina kiungo chake kimoja. Hilo sina dawa yake zaidi ya leseni halali, au kuhamia GIMP.

Soma taarifa ya kifo chake

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, bonyeza Enter. Upande wa kushoto fungua Windows Logs, kisha Application. Tafuta mstari mwekundu wa dakika ile ile programu ilipokufa, wenye chanzo Application Error na namba 1000. Ukikuta 1002 badala yake, programu haikuanguka, iliganda.

Ndani yake kuna mistari miwili ya kusoma: Faulting module name na Exception code.

Jina la moduli, yaani faili ambamo programu iliangukia, likiwa nvoglv64.dll, tatizo liko kwenye draiva ya NVIDIA. Likianza na ati au amd, ni AMD. Yanayoanza na ig, kama ig9icd64.dll, ni ya Intel. Likiwa na mkia wa .8bf, hiyo ni plagini (nyongeza iliyowekwa ndani ya Photoshop), na jina lenyewe litakuambia ni ipi. Ukikuta ntdll.dll, KERNELBASE.dll au ucrtbase.dll, usihangaike kuzitengeneza, wala usizibadilishe kwa faili ya kupakua. Hizo ni faili za Windows ambazo kila programu huzipitia. Zinaonyesha mahali pa kuangukia, si kilichosukuma.

Kwenye Exception code, 0xc0000005 ni ya kawaida mno kukusaidia: programu iligusa eneo la kumbukumbu isiloruhusiwa. Lakini 0xc000001d ni habari nyingine kabisa, nayo nitaieleza mwisho.

Inakwama kwenye picha ya kufungulia

Hapa mshukiwa wa kwanza ni faili ya mipangilio. Photoshop huiandika inapofungwa, kwa hiyo umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS wakati huo, faili inaweza kubaki nusu. Njia rasmi ni kushikilia Ctrl+Alt+Shift mara tu unapoifungua, mpaka iulize kama ufute mipangilio. Bofya kwanza, vitufe baadaye. Ukishika Alt kabla ya kubofya mara mbili, Windows itakufungulia Properties. Kwenye Mac ni Cmd+Option+Shift.

Binafsi naona njia ya mkono ni salama zaidi. Bonyeza Windows+R, andika %APPDATA%\Adobe, ingia folda ya toleo lako, kwa mfano Adobe Photoshop 2024, kisha Adobe Photoshop 2024 Settings. Nakili folda yote mahali pengine kwanza, kwa sababu humo pia mna Actions Palette.psp, yaani action zako zote, zile hatua ulizorekodi. Halafu badilisha jina la faili moja tu, Adobe Photoshop 2024 Prefs.psp, iite vyovyote. Programu itatengeneza mpya. Ikifunguka, umemaliza na action zako zipo.

Ujumbe wa "scratch disks are full" hauhusu RAM. Photoshop inatafuta nafasi ya kufanyia kazi kwenye diski na haipati. Shikilia Ctrl+Alt wakati inafunguka, utaletewa dirisha la kuchagua diski nyingine. Kama uliwahi kuichagulia diski ya nje, na diski hiyo sasa iko kwa mtu mwingine, hapo ndipo pa kurekebisha. Kusafisha diski C, futa yaliyomo ndani ya %TEMP% huku Photoshop imefungwa. Ikianguka huacha faili zinazoanza na Photoshop Temp, na moja inaweza kula gigabaiti kadhaa. Ukihitaji nafasi zaidi, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike powercfg /h off. Hiyo hufuta hiberfil.sys, faili inayokua kadiri RAM ilivyo kubwa. Utapoteza hibernate (kuzima huku kazi zako zikibaki wazi) na ule uwashaji wa haraka, lakini nafasi utaiona. Mimi sipendi kufanya kazi diski ikiwa na chini ya GB 20.

Fonti nazo. Wanaotengeneza kadi za harusi wanazijua: mafurushi ya fonti mia tano yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Moja ikiwa mbovu inatosha kuigandisha programu. Fonti ulizoziweka kwa akaunti yako tu hukaa %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Windows\Fonts, na za kompyuta nzima C:\Windows\Fonts. Ziondoe kwa nusu. Toa nusu ya zile ulizoongeza wewe, jaribu. Ikifunguka, mbovu imo kwenye nusu uliyoitoa, basi igawe tena. Kwa fonti 500 ni majaribio kama tisa tu. Usiguse zilizokuja na Windows.

Plagini ni rahisi kuliko hizo. Shikilia Shift inapofunguka, itauliza kama iache plagini za nje. Jibu Yes. Ikifunguka, zirudishe mojamoja, ukianza na uliyoiweka karibuni.

Dirisha linafunguka, kisha linajifunga

Hapa nashuku kadi ya grafiki kabla ya yote. Kuna jaribio la dakika moja: fungua Device Manager, kisha Display adapters, bofya kulia jina la kadi, chagua Disable device. Skrini itazima kidogo kisha kuwaka, na kwenye laptop yenye kadi mbili anza na ile ya NVIDIA au AMD. Fungua Photoshop. Ikikaa bila kuanguka, ubovu uko kwenye draiva. Usisahau kuirudisha kwa Enable device.

Draiva ipakue kwa mtengenezaji wa kadi au wa laptop. Kwa NVIDIA chagua Studio Driver, si ile ya michezo. Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, ingia Properties za kadi, sehemu ya Driver, ubofye Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, draiva ya zamani haipo tena na itabidi uipakue.

Lightroom Classic na GIMP

Lightroom ikisema katalogi (faili inayotunza orodha ya picha zako na marekebisho yake) imefunguliwa na programu nyingine, angalia folda ya katalogi. Faili yenye mwisho .lrcat.lock, kama Lightroom kweli imefungwa, unaweza kuifuta. Iliyo na mwisho .lrcat-wal usiifute kamwe! Humo mna mabadiliko ambayo bado hayajaingia kwenye katalogi, na ukihamisha katalogi, nayo ihame pamoja. Ukishikilia Ctrl wakati wa kufungua, itakuuliza utumie katalogi ipi. Tengeneza mpya tupu: ikifunguka, programu ni nzima na katalogi ndiyo mgonjwa.

GIMP hukwama kwenye "Fonts (this may take a while)". Mara ya kwanza baada ya kuiweka, iache dakika kadhaa, inajenga orodha. Ikizidi, ifungue kwa Command Prompt ukiongeza --no-fonts, na ikifunguka haraka umejua. Mipangilio yake iko %APPDATA%\GIMP. Badilisha jina la folda ya toleo lako, itaanza upya.

0xc000001d

Namba hii husema prosesa imepewa amri isiyoijua. Hutokea zaidi kwenye laptop za mtumba. Matoleo mapya ya Photoshop na Lightroom hudai AVX2, seti ya amri za prosesa, na Intel waliianza kwenye kizazi cha nne cha Core, mwaka 2013. Kwa hiyo Core i5-3320M haina, na i5-4300M inayo. AMD za Ryzen zote zinayo. Angalia jina la prosesa kwenye Settings, System, About: kwa Core i za zamani, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ikiwa 3 au 2, kuongeza RAM, kubadilisha draiva au kuweka Windows upya hakutasaidia kitu. Kwa mashine hiyo tumia toleo la zamani ulilo na leseni yake, au weka GIMP uendelee na kazi.