Nori ni nini hasa, na uchague ipi ya bei nafuu kumlishia kangaja wa tangini

Wanaofuga samaki wa maji chumvi hapa Unguja si wengi, lakini waliopo wote suali lao moja: hii nori inayotajwa kila siku ni kitu gani, mbona kipakiti chake kidogo cha kulishia samaki bei inauma hivo, na kwani huyu kangaja, samaki wa mawe anayekula mwani, hawezi kula mwani wetu wa Paje ambao upo tele mpaka unaanikwa njiani? Jibu si refu sana ila lina mapindi yake, twende taratibu.

Nori ni mwani, basi. Ni mwani mwekundu wa maji ya baridi, kitaalamu Porphyra, na siku hizi aina nyingi zimehamishiwa jina la Pyropia kwahiyo ukiona moja kati ya hayo mawili nyuma ya pakiti ujue ni kitu kimoja. Unalimwa Japani, Korea na China, kwenye nyavu baharini wakati wa baridi. Wakishavuna wanauosha, wanaukata vidogo vidogo sana, wanautandaza kwenye vichanja na kuukausha, yani kama mtu anatengeneza karatasi vile. Karatasi moja ya kawaida ni sentimita 21 kwa 19 na uzito wake haufiki mbali, gramu 2 na nusu mpaka 3 hivi, na hizo gramu zishike kichwani mana ndo zitakuokoa dukani.

Zamani hata huko Japani kitu hichi kilikuwa cha bahati nasibu, mwaka mmoja kinaota mwaka mwengine hamna, hakuna alojua mbegu yake inakwenda wapi joto likiingia. Mwaka 1949 mwanamke mmoja wa Kiingereza mtaalamu wa mwani, Kathleen Drew-Baker, ndo aligundua kwamba nori ikipotea huwa haijafa, inaishi kama viuzi vidogo ndani ya makombe ya baharini ikisubiri baridi irudi. Baada ya hapo Wajapani wakaanza kuotesha mbegu kwenye makombe ya chaza na kilimo kikatulia. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Japani, lakini wana mnara wa kumkumbuka huko. Nimelitaja hili kwa sababu ndo asili ya nori kuwa kitu cha kawaida kinachopatikana mpaka visiwani kwetu, si dawa adimu kama baadhi ya wauzaji wanavotaka uamini.

Sasa nani anakula. Kangaja wa kila aina, puju, tasi, na baadhi ya samaki wengine wanaodonoa majani. Hawa baharini kutwa nzima wako kwenye mawe wanakwangua mwani, hawali mara moja wakalala. Tasi ndo usiseme, waulize kinamama wanaolima mwani Jambiani au Bwejuu watakwambia habari zake, anaingia shambani anakula ncha zote za mwani ukija asubuhi umebakiwa na vikonyo. Sasa samaki wa namna hiyo ukamtia kwenye kioo ukampa kamba wa barafu na vidonge vya nyama tu, atakula ndio, lakini utamuona siku zinavokwenda tumbo linabonyea ndani, rangi inapauka, na wengine wanaanza kutoboka vishimo kichwani na kwenye ule mstari wa ubavuni. Huo ugonjwa wa vishimo wataalamu hawajakubaliana chanzo chake ni kimoja, ila lishe mbovu isiyo na majani ni moja ya mambo yanayotuhumiwa siku zote. Nori ina protini nyingi kwa mwani, theluthi ya uzito wake mkavu au zaidi, na vitamini, ndo mana wafugaji wanaing'ang'ania.

Tuje kwenye bei sasa, mana hapa ndo watu wanapunjwa. Kipakiti chenye picha ya samaki mbele mara nyingi ndani yake mna nori ileile ya kufungia sushi, ule wali wa Kijapani, imekatwa, imewekwa kwenye mfuko wa kufunga na kufungua, basi. Usiangalie bei ya pakiti, angalia bei ya gramu. Tuseme (namba za mfano hizi, bei zenyewe zinapanda na kushuka na dola) kipakiti cha samaki gramu 12 unauziwa 15,000, hiyo ni shilingi 1,250 kwa gramu. Pakiti ya sushi karatasi 10, piga gramu 25, unauziwa 12,500, hiyo ni shilingi 500 kwa gramu. Mara mbili na nusu! Na kama una kangaja wawili wa wastani nusu karatasi kwa siku inawatosha, kwahiyo karatasi 10 zinakwenda siku 20. Pakiti ya karatasi 50 kwa kawaida inashuka bei zaidi kwa gramu, lakini kwa hali ya hewa yetu usikimbilie, ntasema kwa nini.

Kwenye nori ya sushi yenyewe pia kuna madaraja, na hapa tena unaweza kuokoa pesa. Mavuno ya mwanzo ya msimu huwa laini na nyeusi inayong'aa, hiyo ndo ghali. Mavuno ya baadae inakuwa ngumu kidogo, rangi imefifia, karatasi ina vitundu tundu. Mpishi wa hoteli ataikataa hiyo kwa sababu wali utamchungulia, kangaja hana habari. Chukua ya chini kabisa isiyo na harufu mbaya na umemaliza.

Ila kuna kitu kimoja usichoweza kukifanyia ubahili wala mzaha, nacho ni viungo. Nori za dukani kwa ufupi ziko tatu. Kuna ilokaushwa tu haijachomwa, inakuwa na weusi wa zambarau. Kuna ilochomwa kidogo, imegeuka kijani, kwa sababu ile rangi nyekundu inaharibika kwa moto inabaki ya kijani. Hizi mbili zote samaki anakula, wengine wanapenda kubishana ipi bora, isochomwa ina faida kidogo kwenye vitamini lakini ilochomwa ndo inayopatikana kwa urahisi na samaki wanaishi nayo vizuri tu. Ya tatu ndo ya hatari: ilotiwa ladha, zile za vipakiti vidogo vidogo ambazo watoto wanatafuna kama krisps, Kikorea nyingi. Ile imepakwa mafuta ya ufuta na chumvi, nyengine ina sukari, sosi ya soya, pilipili. Mafuta yakiingia tangini yanatanda juu ya maji yanazuia hewa, na kama una skima, ile mashine inayotoa uchafu wa maji kwa povu, povu lote linakufa hapohapo.

Lebo nyingi zimeandikwa Kichina au Kikorea na hatusomi, sawa, lakini huhitaji kusoma kila herufi. Tafuta orodha ya vilivomo: kama ni kitu kimoja tu, nzuri, kama kuna mstari mrefu wenye mikato mikato, rudisha. Na nyumbani kabla hujamtilia samaki kata kipande kama cha stempu, tia kwenye glasi nyeupe ya maji ya uvuguvugu, iache dakika kadhaa halafu iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Ikiwa safi maji yanakuwa na rangi kidogo tu, uso wa maji mtupu. Ikiwa na mafuta utaona vijiduara vinang'aa vya rangi rangi vinaelea, na ukipitisha kidole kinateleza. Hiyo kula mwenyewe.

Kuna na mwani mwengine mkavu kwenye rafu hizohizo za vyakula vya Asia, wakame, kombu, hijiki. Wakame na kombu ni mwani wa kahawia, kangaja wengine wanadonoa, wengi wanaupita, na kombu ina madini joto mengi sana kwahiyo si ya kila siku. Hijiki achana nayo kabisa, ina sumu ya aseniki, hata binaadamu Uingereza wanashauriwa wasile.

Haya, mwani wetu. Hili ndo linalouma watu, nchi nzima inauza mwani nje halafu mimi nanunua karatasi ya Kikorea. Kilimo cha biashara hapa kilianza 1989 upande wa mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilotoka Ufilipino, na leo Pemba ndo inatoa mwingi zaidi. Lakini huu si nori. Mwani mwembamba, yani spinosum, na mwani mnene, yani kotoni ambao siku hizi maji yakipata joto unaoza oza shambani, wote wawili unanunuliwa viwandani kwa sababu ya karajenani, ile ute wa kugandishia vyakula na dawa ya meno. Mwili wake mkubwa ni huo ute na madini, protini kidogo tu ukilinganisha na nori. Na ule mkavu wa gunia haukukaushwa kwa ajili ya kuliwa moja kwa moja, una mchanga, una vinyuzi vya kamba za plastiki, umekakamaa. Ukiuroweka unavimba na kutoa utelezi, ukiuacha tangini maji yanakuwa mazito. Kwahiyo mkavu wa gunia mimi sikushauri hata ukipewa bure.

Mbichi ni habari nyengine. Mwani mwembamba mbichi ulotoka kwenye kamba asubuhi hiyohiyo tasi ataula mbele ya macho yako, si ndo anavofanya shambani, na kangaja wengi wanaudonoa vilevile. Zungumza na mkulima akuuzie kiasi cha mkono mmoja maji yakikupwa, mlipe vizuri, mana wale kinamama bei wanayopewa kwa kilo haifurahishi. Usuuze kwenye ndoo ya maji ya bahari, kagua vikaa vidogo na konokono, tia. Kuna na ule mwani wa kijani mwepesi wa majani mapana unaoshika kwenye mawe na kutupwa ufukweni, Ulva, huo kangaja anaupenda sana na haulipiwi. Ila usiuchukue karibu na mabomba ya maji machafu ya Mji Mkongwe, mana huo hasa ndo unaostawi kwenye uchafu, nenda mbali na mji. Na mbichi usiufanye tegemeo la peke yake, kuna maji mafu na kuna wiki za kusi huwezi kushuka pwani, hapo nori mkavu kabatini ndo anakusaidia. Ndo mpango wangu wa unafuu huo: nori ya kawaida iwe msingi, mbichi ukijaaliwa.

Kuilisha hakuna ufundi. Kibanio cha nguo cha plastiki kinatosha lakini kisiwe na springi ya chuma, itaota kutu ndani ya maji chumvi haraka kuliko unavodhani, bora utumie mpira wa kufungia pesa uizungushe karatasi kwenye jiwe dogo bapa uliteremshe chini. Samaki mgeni anaweza asiijue siku za mwanzo, usimtie vipande vingi kwa huruma, kimoja tu, kila siku palepale, akimuona mwenzake anang'ata atafata. Kilichobaki kitoe kabla ya kulala. Nori ikiachwa inachanika, inaoza, naitreti na fosfeti, yani uchafu unaorutubisha mwani, zinapanda, halafu unaota mwani mchafu kwenye vioo ambao huyo kangaja wako hautaki.

Na kuhifadhi, hapa ndo nilisema usikimbilie pakiti kubwa. Hewa yetu ya masika ina unyevu mpaka chumvi inayeyuka mezani, nori ikiachwa wazi inalegea, inageuka wekundu wa zambarau na harufu yake nzuri inaondoka. Igawe vipakiti vya karatasi tano tano, tia kwenye kopo linalobana pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavokuja kwenye viatu, nyengine weka friza, na ukiitoa friza iache ipate joto la kawaida kabla hujafungua mana itatota jasho. Ilolegea tu bado samaki anaweza kula siku hizohizo. Ilofanya ukungu mweupe au inayonuka uvundo, itupe.