"Kama hakuua, kisu alikijuaje?"

Jana msibani, tena. Mzee mmoja, sahani ya pilau mapajani, ananigeukia: "Mwalimu, kwamba mtu akipigwa polisi hukiri asilolifanya, naelewa. Lakini huyu kijana aliyekiri kuua alitaja mpaka kisu na shimo alimokitupa. Kama hakuua, alijuaje?"

Aliambiwa, mzee wangu. Na aliyemwambia huenda hata hajui kama kamwambia.

Kipigo tukiweke pembeni, kila mtu anakielewa na wala si lazima kiwepo. Saa nyingi bila usingizi na "sema uende nyumbani" vinatosha. New York, 1989, wanne kati ya vijana watano walikiri mbele ya kamera kuhusika na shambulio la mwanamke ndani ya Central Park. Wadogo wao walikuwa na miaka 14. Mwaka 2002 akajitokeza mhusika mwenyewe, na vinasaba (DNA) vikawa vyake.

Kinachonikera ni hilo la "alijuaje". Sikiliza mahojiano yanavyokwenda:

"Ulimchoma na nini?"

"Panga."

"Fikiria vizuri."

"...Kisu?"

"Ee, sasa tunaelewana."

Kisha askari anaandika maelezo ya onyo, yale anayochukuliwa mtuhumiwa baada ya kuonywa, kwa nafsi ya kwanza: "Nilimchoma kwa kisu." Panga halimo. Askari wala hakukusudia kudanganya. Anaamini kazi imekwisha. Mwaka 2010 Brandon Garrett, profesa wa sheria wa Marekani, alichambua kesi za watu 40 waliokiri, kisha wakasafishwa na vinasaba. Ukiacha wawili, wote walidaiwa kutaja mambo ambayo eti mhalifu peke yake ndiye angeyajua.

Rudi kwetu. Hukumu ya kesi ya Tuwamoi ya 1967, ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, sisi wanasheria tunaikariri kama sala: ungamo lililokanwa litafutiwe ushahidi wa kuliunga mkono, ila mahakama yaweza kutia hatiani kwa ungamo peke yake ikiridhika kwamba haliwezi kuwa ila kweli. Inaridhika kwa lipi? Kwa kisu na shimo!

Wanafunzi wangu nawapa swali moja: alisema nini ambacho polisi hawakukijua, wakaenda wakakikuta? Nalipenda swali hili, na bado linaninyima usingizi. Kwamba kisu kilipatikana baada ya maelezo na si kabla, tunasoma saa kwenye hati ya ukamataji mali, ile inayojazwa polisi wanapochukua kielelezo. Saa hiyo anaijaza askari yuleyule.