Masafa ya bunduki si mwisho wa risasi

Juzi kijiweni Ngarenaro, hapa Arusha, kashata hazijaisha sahanini, chalii mmoja wa bodaboda alitangaza kwamba SMG, yaani bunduki ya aina ya AK-47, ina masafa ya mita 400, kwa hiyo ukisimama mita 500 risasi yake "unainywea chai". Wenzake wakacheka na kukubali. Hata Mzee wetu mmoja aliyewahi kuvaa gwanda, tunayemwita Afande, aliguna tu. Mimi nimeisikia hesabu hiyo mara nyingi mno, nikaweka kikombe chini.

Masafa ni umbali kati ya hapa na pale. Masafa ya bunduki, yale yanayotajwa kwenye maelezo ya silaha, ni umbali ambao mpigaji wa kawaida anaweza kutegemea kuipata shabaha yenye ukubwa wa mtu. Basi. Hayasemi risasi itaangukia wapi, wala itaacha kuua wapi.

Neno lenyewe lina asili tamu. Wengi hudhani masafa na safari ni ndugu, kumbe wanafanana sura tu. Safari imetoka kwenye mzizi mwingine wa Kiarabu. Masafa, kwa maelezo ya wanakamusi wa kale wa lugha hiyo, yametoka kwenye kunusa. Kiongozi wa msafara akipotewa na njia jangwani aliokota udongo, akaunusa, akajua kama bado yuko njiani au ameshaiacha. Kule kunusa kukaja kuwa jina la umbali wenyewe. Sisi Waswahili tukalipokea neno likiwa limeshakauka harufu, tukalitwisha mizigo mingine: mkimbiaji wa masafa marefu, redio ya masafa mafupi. Siku hizi mtangazaji anakutajia "masafa yetu" akimaanisha namba ya kutafuta kwenye FM, namba ambayo haihesabu umbali hata wa sentimita moja. Hilo nalo lina siku yake.

Ninachokipenda kwenye hadithi ile ni kwamba masafa yalianza kama makadirio ya mtu. Jangwa lilikuwa na mchanga tu. Masafa yalikuwa puani mwa kiongozi. Kwenye bunduki ni vilevile. Ile 400 ni ya macho, mikono na pumzi za mpigaji. Risasi haina habari nayo.

Tuitazame sasa risasi yenyewe. Ya SMG ina uzito wa gramu 8 hivi na inatoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 715 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wa sauti. Hapo ndipo ilipo na kasi yake yote. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alichomoka mbele tangu mwanzo kule Christchurch mwaka 1974, akaongoza hadi utepe wa mita 1,500 na kuweka rekodi ya dunia. Lakini Bayi alikuwa na miguu, kila hatua alijisukuma upya. Risasi ikishatoka haina miguu. Baruti imeshamaliza kazi, na hewa inaikaba kwa kani inayofika mara hamsini hivi ya uzito wake. Mita 100 za mwanzo tu zinaila kiasi cha mita 80 kwa sekunde. Ikifika mita 500 imebakiwa na karibu nusu ya kasi.

Hapa ndipo chalii anaposhika nusu ya ukweli. Kasi ikipungua nusu, nishati haipungui nusu, inabaki robo. Kwa hiyo ni kweli risasi imechoka sana. Ila robo hiyo inakaribiana na nishati ya risasi ya bastola ya milimita 9 inapotoka tu mtutuni. Nani anakunywa chai mbele ya bastola?

Kinachoharibika mapema ni ulengaji. Kufika mita 500 risasi inatumia kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo dunia imeshaivuta chini zaidi ya mita nne kutoka kwenye mstari wa mtutu. Ukikosea kukadiria umbali kidogo, inapita juu au inachimba udongo. Upepo wa ubavuni nao unaisogeza. Mpigaji anakosa, lakini risasi iliyomkosa mlengwa haikosi pa kwenda: mtutu ukiinuliwa kidogo, inaweza kwenda kilomita mbili na zaidi, umbali ambao chalii yuleyule angenitoza nauli. Tena sisi tuko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga, kwa hiyo inaikaba risasi kwa ulegevu kidogo.

Na wale wa "kupiga hewani" wasidhani wamepona. Karibu na mwaka 1920 afisa wa jeshi la Marekani, Julian Hatcher, alipima risasi zilizopigwa wima. Alikadiria kwamba zilirudi kwa kasi ya mita 90 kwa sekunde hivi, kidogo mno ukilinganisha na zilivyoondoka. Hiyo ni ya wima kabisa. Ya mshazari huendelea kutanguliza ncha na kushika kasi zaidi, na ndiyo mbaya.

Afande alisikiliza yote, akaomba kikombe cha pili. "Mwanangu," akaniambia, "sisi tukienda kulenga shabaha, vibao vilikuwa mita 300. Lakini bendera nyekundu ikishapanda, mbuzi wa watu waliswagwa mpaka ng'ambo ya kilima. Sikuwahi kuuliza kwa nini."

Basi, mdogo wangu wa bodaboda, ile 400 tuiite masafa ya kulengea. Na chai yako kainywee ng'ambo ya kilima, kwa wale mbuzi.