Bar mitzvah: sherehe haimfanyi mtoto kuwa mtu mzima

Wengi huamini kwamba mvulana wa Kiyahudi asiyefanyiwa bar mitzvah, yaani sherehe ya kuingia utu uzima wa kidini, hubaki mtoto mbele ya dini yake. Sivyo. Akishatimiza miaka 13 kwa kalenda ya Kiebrania, amri za Torati zinamwajibisha yeye mwenyewe, hata kama siku hiyo yuko kitandani na homa na hakuna aliyepika chochote. Msichana hufikia hatua hiyo akiwa na miaka 12.

Kinachofanyika sinagogi ni kuonyesha hali ambayo tayari ipo. Kijana huitwa mbele kusoma Torati kwa sababu sasa anaruhusiwa. Anahesabiwa miongoni mwa watu kumi wanaohitajika kwa sala ya pamoja, na siku ya Yom Kippur, siku kuu ya toba, anapaswa kufunga kutwa nzima. Baba naye, kwa desturi ya familia nyingi, humshukuru Mungu kwa kumtua mzigo wa makosa ya mwanawe. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wote, kuliko ukumbi na zawadi.

Sherehe ya hadhara kwa wasichana ni mpya zaidi: mwaka 1922, huko New York, msichana Judith Kaplan alisoma Torati mbele ya waumini, jambo lililokuwa geni kabisa Marekani.

Kwa kuwa utu uzima huja kwa umri, si kwa sherehe, wazee walionusurika mauaji ya Wanazi, walioporwa utoto wao, wanaposherehekea bar mitzvah wakiwa na miaka 80, hawaingii utu uzima siku hiyo. Wanadai furaha waliyonyimwa.