Usaha wa sikio la mtoto si maziwa
Sikio la mtoto likitoa usaha, wengi husema ni maziwa yamemwingia, litaacha akikua. Sivyo. Mara nyingi ni maambukizi yanayopanda baada ya mafua, kupitia mrija mwembamba unaounganisha nyuma ya pua na sikio. Usaha ukijaa, ngoma ya sikio hutoboka, na asubuhi unakuta mto umelowa. Cha kuchanganya ni kwamba hapo maumivu hupungua, basi tunadhani amepona. Usimtie mafuta ya nazi wala maji ya kitunguu. Kausha kwa kitambaa safi kilichosokotwa, umpeleke zahanati. Usaha ukifika siku 14, au akiwa hasikii vizuri, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Akivimba nyuma ya sikio, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.