Bartonela kwa panya wa Mwanza: dhana potofu na ukweli

Dhana: Panya mwenye bakteria kwenye damu huonekana mgonjwa.
Bartonela, jamii ya bakteria, hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu kwa wiki kadhaa, hata miezi, na panya huendelea kula na kuzaa kama kawaida. Awe panya wa nyumba kwenye magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, au panya shamba kwenye mpunga wa Misungwi, kwa macho humtambui.

Dhana: Bartonela ni mmoja, ukimpata kazi imekwisha.
Hapa ndipo wengi wanapokosea. Spishi zake ni nyingi, na panya mmoja anaweza kubeba zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Maabara husoma kipande cha gltA, mojawapo ya jeni za bakteria huyu, chenye herufi za vinasaba kama 327. Kikifanana na spishi inayojulikana kwa chini ya asilimia 96, huenda ni spishi mpya. Kwa jeni nyingine, rpoB, herufi 825, mpaka ni asilimia 95.4. Usitegemee jeni moja: bakteria hawa hupeana vipande vya vinasaba, kwa hiyo jeni moja huweza kukuonyesha ukoo ambao nyingine zinaukana.

Mfuatano wa herufi ukionyesha vilele viwili, yaani alama za herufi mbili tofauti, mahali pamoja, usikimbilie kuuita uchafu. Huenda ni maambukizi mchanganyiko. Otesha damu ya panya kwenye agari (rojo la kuoteshea bakteria) yenye damu, nyuzi 35, hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksaidi, kisha soma kila koloni, yaani kila kundi la bakteria lililoota, peke yake. Bartonela hukua polepole mno: sahani zikae hadi wiki 4, zikilindwa zisikauke. Anayezitupa siku ya tatu huandika "hakuna" mahali palipo na bakteria.

Makosa mengine huanzia porini. Mitego ya bati, yenye chambo cha karanga zilizosagwa na dagaa, itegwe jioni na ikaguliwe alfajiri, maana jua la ziwani huua panya ndani yake haraka. Mkasi wa kukata bandama ya kupimwa usafishwe kwa ethanoli na kupitishwa motoni kati ya mnyama na mnyama. La sivyo vinasaba vya panya wa kwanza vitaonekana kwa wa pili. Kila mzunguko wa PCR (kipimo kinachozidisha vinasaba ili vionekane) uwe na mrija wa maji matupu: mrija huo ukionyesha vinasaba, matokeo yote ya siku hiyo hayaaminiki.

Dhana: Kiroboto mwenye vinasaba vya Bartonela lazima anaambukiza.
Huenda ni damu tu aliyoinyonya jana.

Dhana: Bartonela ni tauni ileile, au homa ya mgunda.
Hapana. Homa ya mgunda hupitia mkojo wa panya. Tauni husababishwa na bakteria mwingine kabisa. Bartonela huingia hasa kinyesi cha kiroboto kinapokunwa kwenye ngozi. Baadhi ya spishi zake huwaathiri watu: *Bartonella elizabethae*, iliyoelezwa mwaka 1993 kutoka kwa mgonjwa wa moyo nchini Marekani, baadaye ilipatikana kwa panya.

Dhana: Ua panya, umemaliza.
Mwili ukipoa, viroboto huuhama na kutafuta damu nyingine, na ya karibu inaweza kuwa yako. Nyunyiza kwanza dawa ya unga ya viroboto kwenye mashimo na njia za panya, ndipo utege. Mzoga ushikwe kwa glavu.